Tia Hewa Kidogo

Jumapili, 3 Machi

Ameondoka. Nyumba imekuwa kubwa ghafla — na ina vyumba vitatu tu, kimoja chenyewe kimekaliwa na pipa la bia.

Jana mchana alikuwa amepiga magoti mbele ya ile friji yake ya zamani, anaunganisha pipa jipya, huku anaimba kwa sauti ya puani. Si kwa kupenda, pua imeziba. Simu ikalia. Wifi yangu, dada yake, nesi kwenye hospitali ya mji wa pili: kitanda kimepatikana, Jumanne wanamtoa nyama za pua, aje kesho. Mume wangu akaangalia simu, akaangalia pipa. Nilimwona kabisa anapima kipi kina uzito zaidi.

Kabla ya kuondoka alijimiminia glasi moja. Povu vidole viwili, limesimama vizuri — mtaa mzima humwita Bwana Povu, na si bure. Akanywa. Nikamuuliza vipi. Akasema, "Baridi naisikia. Mengine yote hakuna."

Ni miezi sasa. Mpishi asiyesikia harufu wala ladha! Supu ya pale hotelini aliitia chumvi mara mbili, wageni wakairudisha. Meneja kampa hadi tarehe mosi: arudi na pua yake, la sivyo jiko linabaki kwa mpishi wa muda na yeye apelekwe stoo. Mume wangu stoo, na magunia ya unga! Atasinyaa mle ndani mpaka nimpoteze.

Kwa hiyo ametoa amri. Bia hii itunzwe vilevile ilivyo mpaka arudi. Anasema anaijua kuliko kitu chochote alichowahi kuweka mdomoni, kwa hiyo akiinywa atajua papo hapo kama pua imerudi au imekwenda moja kwa moja. Na mlinzi wa hiyo bia ni mimi, nisiyekunywa hata tone.

Mlangoni, begi begani, akanipa masharti. Friji isizidi nyuzi tatu. Mlango wake usifunguliwe ovyo. Bomba lifutwe lisikae na utamu, vijidudu vitaingia. Bia isilale muda mrefu ndani ya mpira unaoileta bombani, itachacha humo — kila baada ya siku kadhaa nitoe glasi moja, nimpe jirani. Na gesi nihakikishe nimefunga kabla ya kulala. Nikamwambia nimesikia, sikuzaliwa jana. Akacheka, akasema haya, Mwalimu. Ndivyo anavyoniita, kwa sababu nafundisha watu udereva.

Ningekwenda naye. Lakini wanafunzi wangu wana mtihani wa barabarani wiki hii na trafiki hamsubiri mtu. Yeye mwenyewe alinikataza nisiende. Akasema wote wawili tukiondoka, nani atabaki na mgonjwa? Alimaanisha pipa.

Jumatatu, 4 Machi

Nimelala vibaya. Miezi yote hii nimemlalamikia kukoroma, na sasa kimya ndicho kinachoniamsha.

Nimeacha mlango wa chumba cha pipa wazi. Friji inanguruma, inanyamaza, inanguruma tena. Si sawa na yeye, lakini afadhali.

Nimefunga gesi. Ya jikoni, halafu na ule mtungi mdogo pembeni ya friji. Zote mbili, barabara.

Jumanne, 5 Machi

Siku ya upasuaji. Nilimpa usukani mwanafunzi wangu mmoja, dada wa benki, anayeshika gia kama anashika nyoka. Nikamwambia arudi nyuma taratibu. Akarudi kwa kasi, tukaligonga pipa la taka. Kabla sijafungua mdomo, meseji ikaingia. Ya wifi: ametoka salama, amelala, pua imejaa pamba.

Nikalia palepale kwenye kiti. Dada wa watu akadhani namlilia gari. Akaanza kuniomba radhi, akaapa hatarudi nyuma tena maisha yake yote. Ikabidi nimbembeleze mimi.

Alhamisi, 7 Machi

Kiu kaja. Kinyozi wetu wa jirani, rafiki wa mume wangu. Jina la Kiu alipewa na wateja wake na hajawahi kulikana. Alibisha hodi huku tayari ameshika glasi yake mwenyewe. Akasema, "Shemeji, nimekuja kumjulia hali mgonjwa." Nikamuuliza mgonjwa yupi, aliye hospitali au aliye kwenye friji. Hana mshipa wa aibu, akasema wote.

Nikamtolea moja. Nilivuta bomba nusu, nikapata glasi nzima ya povu. Kiu akanielekeza: bomba livutwe hadi mwisho, kwa mara moja, glasi ilazwe. Ukivuta kwa woga inatoa povu tupu. Hilo nimelielewa haraka, ni sawa na klachi.

Akanywa, akafumba macho, akasema mumeo ana bahati. Sikuuliza ana bahati ya nini.

Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda na kurudi leoleo. Jamani! Uso umevimba kama aliyepigana na nyuki. Wifi anamlisha uji kwa kijiko na kumfokea kama mtoto, naye ametulia tuli, ananitazama kwa jicho la kuomba msaada. Nilicheka mpaka wifi akanikata jicho.

Pamba zimetolewa. Anapumua! Usiku anafunga mdomo, anapumua kwa pua, hakoromi, wifi anathibitisha. Nikasema basi nimepata mume mpya. Akaniuliza habari za pipa kabla ya kuniuliza zangu. Nikamjibu nyuzi tatu, bomba safi. Akanishika mkono, akaushikilia muda wote hadi gari langu la kurudi lilipofika.

Hatujazungumzia harufu. Niliona kwenye dirisha la chumba chake kikopo cha kahawa kimefunguliwa, na pembeni limau lililokatwa, na sabuni. Nikajitia hamnazo.

Jumatano, 13 Machi

Umeme umekatika tangu asubuhi. Nimeghairi somo moja, nikakimbia nyumbani. Nyuzi nne. Nyuzi tano! Nimenunua barafu kwa muuza samaki, nikaizungushia pipa ndani ya ndoo, nikalifunika na blanketi letu la kitandani. Kisha nikakaa chini pembeni yake nikilipapasa kama mtoto mwenye homa. Angenipita mtu dirishani angeita ndugu zangu.

Umeme ulirudi jioni. Blanketi linanuka samaki kidogo.

Jumamosi, 16 Machi

Kapiga simu. Daktari ameridhika na kidonda. Wiki ijayo, akirudi nyumbani, anaruhusiwa glasi moja — moja! — mradi asiinuke na kucheza.

Nikamuuliza na harufu je. Akasema wifi alimkaangia vitunguu leo, akamsimamisha juu ya kikaango. Vilipoanza kuungua alijua kwa kuona moshi.

Nilimwambia bado mapema. Akaitikia ndiyo, bado mapema. Tukarudia neno hilo mara kadhaa, yeye ananiambia mimi, mimi namwambia yeye. Tarehe mosi iko palepale.

Naogopa. Nasema hapa maana kwingine kote nimejikaza kisabuni. Huyu mtu ndiye aliyenipata kwa sahani ya mayai. Akinipikia yeye, hunusa kwanza kifuniko, halafu hutabasamu, ndipo hunipakulia. Miezi hii anafunua tu na kupakua. Na ninapopika mimi — ambaye hata maji naweza kuyaunguza — husema "Tamu" na kumaliza sahani, tangu wiki ya kwanza ya ndoa yetu hadi leo. Huyo ndiye mwongo ninayeishi naye. Sitaki aende stoo.

Jumanne, 19 Machi

Leo nilitaka kutoa glasi ya kusafisha mpira. Nimevuta bomba hadi mwisho. Bia ikatoka kama mzee anayetema mate, halafu ikakata kabisa.

Nikampigia mume wangu roho ikiwa mkononi. Sauti bado nzito. Akauliza nyuzi ngapi, nikamjibu. Akauliza bomba, nikamjibu. Akasema basi usiwe na wasiwasi Mwalimu, ni jambo dogo, "Tia hewa kidogo." Mara wifi akaita, daktari amefika, akakata.

Tia hewa! Hilo si ndilo nalifanya kila asubuhi ya Mungu? Nikachukua pampu ya mguu kwenye buti la gari. Nikakumbuka pia kwamba kwenye boksi lake la vikorokoro kuna mpira wenye kichwa cha kujazia upepo, kama cha tairi. Miaka ile, kabla hajanunua huu mtungi, harusi ya wifi walipampu bia kwa mpira huohuo siku nzima na watu wakanywa wakasaza. Nikauchomeka pipani, nikakanyaga. Pampu ilikuwa inapiga filimbi, mimi natoka jasho. Nikavuta bomba — ikaja kama mto! Povu vidole viwili, mimi mwenyewe!

Nikakanyaga tena mara chache za akiba, liwe gumu vizuri. Nimempelekea meseji: hewa imeingia, bia inatoka. Kajibu kwa dole gumba.

Nimejipenda sana leo.

Alhamisi, 21 Machi

Kiu kaja kwa glasi yake. Kaishika juu, kaisifia rangi. Akapiga funda. Akashusha glasi.

Akapiga funda la pili, dogo. Uso ukajikunja wote, mpaka masikio yakasogea. Akatoa ulimi akaufuta kwa mkono wa shati. Halafu — na hili sijawahi kuliona tangu tuhamie mtaa huu — akaiacha glasi mezani, nusu yake haijanywewa.

Nikamuuliza kuna nini. Akasema ana haraka, kuna kichwa amekiacha nusu kinyozini. Nikamwambia akae chini. Akakaa. Akasema kwa huruma, kama anayetoa habari za msiba, "Shemeji, hii imekuwa na ladha ya karatasi iliyolowa."

Nikamweleza yote. Nyuzi tatu, barafu, blanketi, bomba, pampu. Kwenye pampu akanisimamisha. Akauliza pampu ipi. Nikamwonyesha. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

Kumbe! Hewa anayoisema mume wangu ni huu mtungi mdogo. Uko hapa siku zote, umejaa, nimeufunga kwa mkono wangu mwenyewe. Bia ikisukumwa na hicho kilichomo, hukaa mbichi wiki na wiki. Ukisukuma kwa hewa hii ya nje tunayopumua, inaishi siku moja tu, halafu inaanza kuchakaa. Ndiyo maana ya harusini ilinyweka: ilimalizwa kabla haijapata muda wa kuharibika. Nikamuuliza Kiu, sasa huu mtungi si ni gesi? Akasema ni gesi ndiyo, lakini mumeo ni mpishi. Kwa mpishi gesi ni ya jiko, basi. Hii nyingine anaiita hewa ili mtu asije akachanganya.

Asije akachanganya! Na ile "gesi funga kabla ya kulala" ilikuwa ya jiko. Nimemnyonga mgonjwa wangu tangu siku ya kwanza, halafu nikamtilia upepo wa tairi.

Kiu aliniaga kwa adabu kubwa. Nimeusukuma ule mtungi kwa mguu na umeniumiza kidole.

Ijumaa, 22 Machi

Kesho anarudi.

Asubuhi nilimpigia muuza bia. Anaweza kuleta pipa jipya leo jioni, lilelile, bia ileile. Nikasema lete. Nikakata simu nikapumua.

Halafu nikiwa barabarani na dada wa benki — leo anarudi nyuma vizuri sana, nimemsifu — wazo likaniingia mpaka nikakanyaga breki za upande wangu bila sababu. Maskini akaruka.

Hivi: kesho nitampa bia nzuri. Atainywa. Atasema nini? Atasema "Tamu." Iwe anaisikia, iwe haisikii kabisa, atasema tamu, kwa sababu nimeitunza mimi. Mtu aliyekula wali wangu ulioungua na kuomba uongezwe! Nitamwamini vipi? Nitabaki namtazama mpaka tarehe mosi, naye atabaki ananichekea, mpaka hotelini wamgundue mbele za watu.

Lakini hii mbovu — hii iliyomshinda Kiu! Hii hakuna mwenye pua anayeweza kuimeza uso ukabaki pale pale. Hana haja ya kuniambia. Nitamsoma tu. Mimi kazi yangu ni kusoma nyuso za watu wanaosema "nimeona kioo" na hawajaona kitu.

Nimempigia tena muuza bia, aniletee Jumatatu. Akaniuliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa.

Si kwamba niko sawa. Ni mara ya kwanza maishani naomba kitu cha mume wangu kiwe kibaya mdomoni mwake.

Jumamosi, 23 Machi

Amefika! Kakonda, kanyoa ndevu, uso umerudi wake. Mlangoni kaangusha begi, kanikumbatia, kaweka pua shingoni kwangu na kukaa hapo. Nilijipaka yale mafuta anayoyapenda. Sikumuuliza. Naye hakusema.

Nikampa mayai. Yameshika chini, meusi kabisa upande mmoja. Akala yote, akasema tamu. Nilijua.

Sasa naandika hapa jikoni, daftari juu ya ndoo, haraka haraka. Yeye yuko pale kibarazani, mbele ya mlango, karibu na chungu tulichopanda msubili. Mlango wa jikoni una pazia, nalisogeza kwa kidole.

Nilimmiminia mwenyewe, nikavuta bomba hadi mwisho kwa mara moja. Akalisifia povu. Akainua glasi, akaniangalia mimi, si glasi. Akanywa funda refu. Nilikuwa nimekaza macho mpaka yanauma. Uso haukujikunja. Haukusogea popote! Akameza, akatabasamu, akasema, "Tamu, Mwalimu. Kama nilivyoiacha."

Kama alivyoiacha. Aliiacha haina kitu! Nikasema naenda kuosha vyombo, na vyombo nimeviosha asubuhi. Nimelia kidogo juu ya sinki, nimefungulia maji asinisikie. Nikawaza stoo. Nikawaza nitamwambiaje kwamba haidhuru, kwamba nitamnusia mimi, nitasimama jikoni kwake nimwambie hii imeiva, hii bado — mimi, wa kuunguza maji!

Nikafunga maji. Nikachungulia.

Anaangalia huku jikoni. Shingo ameinyoosha kama mwizi. Sasa ameinama kwenye chungu cha msubili, ameilaza glasi, anamimina taratibu sana, kwa pembeni, isitoe sauti. Bwana Povu! Mtu anayekinga kwa kikombe hata matone ya bombani! Nikafikiri basi, haina maana kwake tena, anamwaga kama anavyomwaga maji.

Hapana. Kabakiza kidogo. Kaisogeza glasi puani. Kaivuta harufu — na uso wote huo umejikunja, masikio yamesogea, Kiu mtupu! Ametoa ulimi, anaufuta kwa kitambaa. Anapiga chafya. Anainusa tena, mtu huyu, anajikunja tena, na sasa anacheka peke yake bila sauti, mabega yanaruka.

Amesimama. Ananyata kuelekea chumba cha pipa. Friji imefunguliwa, naisikia. Ananusa mpira, ananusa bomba, kila kitu anakinusa, kwa sauti, kama anayekunywa chai ya moto. Sasa kimya. Nyuma ya friji ndiko nilikoisukuma ile pampu ya mguu.

Imelia filimbi yake, mara moja. Ameikanyaga.

"Mwalimu," ananiita, pole pole mno, "humu umetia hewa ya wapi?"

Siendi kwanza. Acha aulize tena.